Amezaliwa saa ngapi?

Nianze na maneno kwanza maana mtanichanganya huko mbele. Kwa Kigujarati "mama" ni mjomba. "Kaka" ni baba mdogo. "Dada" ni babu mzaa baba. Mi nimezaliwa Dar, Upanga, ghorofa la Msajili, chini kuna uwanja wa vumbi tunacheza kombolela na kila mtu pale ni kaka na dada, alafu unapanda ngazi, mlango unafungwa, na dada anakuwa mzee mwenye miwani anasoma gazeti. Nikiwa darasa la kwanza nilimwambia mwalimu dada yangu amefariki, ana miaka themanini, darasa zima likacheka na mi nikalia, wala sio kwa ajili ya babu, kwa aibu tu. Kwa hiyo humu nikisema mama ni mama aliyenizaa na mjomba ni mjomba. Isipokuwa Ba. Ba ni bibi, mama yake baba, na huyo namwacha na jina lake.

Tulihamia Leicester, Uingereza, 2005, nina miaka 14. Baba alikuwa na ile pasipoti waliyobaki nayo Wahindi wengi wa Afrika Mashariki baada ya uhuru, ya Uingereza kabisa lakini haikuruhusu kuishi Uingereza, ukiwaza sana unaweza kucheka peke yako. Sheria ikabadilika 2003, wenye pasipoti hizo ambao hawana uraia mwingine wakaruhusiwa kuandikishwa uraia kamili, baba akajaza fomu, na miaka miwili baadaye duka la spea la Kisutu likauzwa. Kule akawa anapanga maboksi ghalani zamu ya usiku. Mama anakunja sambusa kiwandani, mtu ambaye Dar sambusa zake zilikuwa zinakunjwa na dada wa kazi. Sisemi ili muwaonee huruma, nasema ili muelewe nani alitupokea.

Alitupokea mtu wa naat.

Naat ndo nini sasa. Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote na Watanzania wenzangu ni "mbona nyie Wahindi mnaoana wenyewe kwa wenyewe?" na jibu la kweli ni kwamba hata hao wenyewe kwa wenyewe hatuoani. Kuna Mabohora, Maismailia, Ithnaasheri, Singasinga, Wagoa, Wahindu. Shika Wahindu Wagujarati peke yao, humo ndani mna Lohana, Patel, Mochi, Suthar na wengine kibao, kila kundi na ukumbi wake, na mipaka yake ya nani aolewe na nani. Hiyo ndo naat. Sisi ni Lohana, watu wa duka. Mochi asili yao ni mafundi viatu, ingawa Leicester ya leo mtoto wa Mochi ni daktari na mtoto wa Lohana anaendesha teksi na bado mama wa huyo wa teksi atakwambia sisi na wale hatulingani.

Basi mtu ambaye baba hakuwahi kumwona maishani alitusubiri Heathrow na gari la kuazima na makoti matano yaliyokwisha kuvaliwa na watu wengine. Alitupa chumba miezi minne bila kodi. Mke wake ndo alimpeleka mama kiwandani. Yeye ndo alikuwa mdhamini tulipopanga nyumba. Hakuna karatasi iliyosainiwa, hakuna riba, hakuna aliyetukumbushia hata siku moja. Neno bima mnajua limetoka kwetu, ni la Kihindi. Naat ndo bima. Na ada yake unailipa kwa watoto, unaoa humo, unaolewa humo, bima inaendelea. Hili nilikuja kulielewa nimeshakuwa mtu mzima na nimeshaharibu mambo mengi, wakati ule nilikuwa naona ni ushamba tu.

Leicester yenyewe ni mji wa watu waliofukuzwa na waliojiondokea. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na halmashauri ya Leicester ikaweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia jamani kwetu pamejaa, msije. Wakaja kwa maelfu, wengine wanasema hata jina la mji walilijulia kwenye lile tangazo. Leo Barabara ya Belgrave ni maduka ya sari na dhahabu na mitai, peremende zetu za maziwa na sukari, mwanzo mwisho, taa za sikukuu ya Diwali zinawashwa na watu wanafurika, na kwenye menyu za migahawa utakuta "mogo" ya pilipili. Mogo ni muhogo wetu. Wahindi waliokuja moja kwa moja kutoka India wanauliza hiki nini.

Sasa mambo ya ndoa. Dada yangu mkubwa (wa Kiswahili) aliolewa 2010 kwa biodata. Biodata ni kama sivii ya kuombea kazi lakini ya kuombea mume: picha, urefu, tarehe na saa ya kuzaliwa, elimu, kazi ya baba, kijiji cha asili, anakula nyama au hali. Inazunguka kwa mashangazi. Alionana na kijana mara tatu, ya nne ikawa uchumba, leo wana watoto wawili wanaishi Harrow na kiukweli ni ndoa nzuri kuliko nyingi ninazozijua za watu waliopendana chuo. Alikataa vijana sita kabla ya huyo na hakuna aliyemfokea. Nalisema hili maana watu wakisikia ndoa ya kupangwa wanaona binti kafungwa kamba. Kamba zipo pia. Chuoni nilikuwa na rafiki, sio Mgujarati, aliyeambiwa bibi anaumwa sana twende tukamwone, kufika huko akakuta mahema ya harusi yake, ilichukua miezi kumrudisha. Kulazimisha mtu ndoa ni kosa la jinai kule tangu 2014, na kuna shirika linaloitwa Karma Nirvana lilikuwa linawafundisha mabinti wanaosafirishwa hivyo wafiche kijiko kwenye chupi, ukipita kwenye mtambo wa uwanja wa ndege kengele inalia, unapelekwa pembeni peke yako, hapo unasema. Mi sikuwa huko. Kwangu hakuna aliyenilazimisha kitu na ndo maana nilichofanya hakina utetezi mzuri.

Kikao changu cha kwanza nilikuwa na miaka 23. Wamekuja watu saba kumtazama mmoja. Mama ametoa vikombe ambavyo havitoki mpaka kuwe na wageni wa aina hiyo, vitafunwa vya ganthia na chevdo, chai ya tangawizi, mi ndo nabeba sinia na kila mtu anaangalia mikono yangu kama inatetemeka. Alafu shangazi mmoja anasema kwa sauti ya utani "vijana waende juu wakaongee," tunapandishwa chumbani kwangu, mlango wazi, dakika ishirini. Yule kaka alikaa kwenye kiti cha meza yangu akaniuliza napenda kusafiri. Nikasema ndio. Nikamuuliza yeye. Ndio. Alikuwa mtu mzuri tu jamani, na muda wote simu yangu inatetemeka chini ya mto maana mtu wangu alikuwa anauliza wameshaondoka?

Maana mtu nilikuwa naye. Tangu 2011.

Tulikutana Navratri, usiku wa tatu kama sijasahau. Navratri ni usiku tisa wa kucheza garba, duara kubwa, wanawake sketi pana za vioo, kule inafanyika kwenye kumbi za michezo Oktoba baridi imeanza, kwa hiyo unavaa ile nguo nzuri yote alafu juu koti zito kama la mvuvi. Viatu vinaachwa mlangoni, jozi mia kadhaa zimerundikana. Kutoka saa tano usiku nikakuta ndala yangu moja haipo. Nimesimama mguu mmoja kama korongo. Akaja kijana akapiga magoti akaanza kupekua lile rundo kwa simu yenye tochi, robo saa nzima, akaipata. Akasema "usishangae, kazi ya ukoo." Sikuelewa. Nilielewa alipotaja jina lake la ukoo, kwetu jina la ukoo tu linatosha, mtu anajua naat yako kabla hujakaa.

Mi na yeye tulidanganya miaka mitano. Ngoja nieleze kazi ilivyo maana watu wanadhani ni uongo mmoja. Kwenye simu nilimseva "Famasi Zamu," nilikuwa nimesomea famasi De Montfort na nimeanza kazi, kwa hiyo ikiita saa nne usiku ni zamu. Leicester hatutembei pamoja kabisa, kila kituo cha basi kina shangazi wa mtu, tunapanda treni mabehewa tofauti mpaka Nottingham, nusu saa, kule ndo tunashikana mikono. Semina zangu za kazi zilikuwa nyingi kuliko za waziri. Kila uongo unahitaji mwingine wa kuulinda na ubaya ni kwamba nilikuwa nauona kama uhuru, yani najitegemea, nina mshahara wangu, nina mtu wangu niliyemchagua mwenyewe, mtoto wa mjini. Kumbe msichana wa miaka 24 anayejificha kwenye behewa ana uhuru gani.

Februari 2016, siku ya Jumatano, nilisema naenda kazini. Nilikuwa off. Tukaenda Nottingham, simu nikazima maana mama alikuwa na tabia ya kupiga mchana. Saa saba Ba akaanguka jikoni. Mama akapiga kwangu mara kumi na moja, nilizihesabu baadaye, alafu akapiga famasi, mwenzangu akamjibu kwa nia njema kabisa mbona leo hayupo zamu. Niliwasha simu saa kumi na moja jioni kwenye jukwaa la treni. Nilipofika hospitali Ba alikuwa ameshaondoka, kama saa mbili nyuma, na mama alinitazama kuanzia viatuni kuja juu na hakuuliza nilikuwa wapi. Angeuliza ingekuwa nafuu.

Majivu ya Wahindu wa kule mengi yanaenda mto Soar, kuna sehemu Barrow upon Soar wameruhusu rasmi, mnapanda boti, mnapewa nafasi yenu na maombi yenu. Ba aliyezaliwa Jamnagar akaolewa Dar akaishia kwenye mto wa kahawia wenye bata Uingereza. Kurudi, mama na dada walipanda gari la mjomba, mi nikabaki na baba. Mvua. Na pale ndo nikamwambia, na nilimwambia kwa Kiswahili.

Sikupanga. Mi na baba Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya utani, ya kuwasema watu dukani wasijue, mama anakijua kiasi cha soko. Kwa Kigujarati kile nilichotaka kusema hakina neno la heshima, kila neno ama ni la filamu ama ni la aibu, na kwa Kiingereza nisingeweza, kingetoka kama namtangazia haki zangu. Kiswahili kina mlango wa adabu kwa jambo hilo. Nikasema, "Baba, nina mtu."

Waipa zinaenda. "Mtu gani?"

"Kijana. Tunataka kuoana."

"Tangu lini?"

"Miaka mitano."

Kimya mpaka kituo cha mafuta. Akaingia, nikadhani anaweka mafuta, akazima gari. "Siku ile ya Ba. Ulikuwa naye?"

"Ndio, baba."

Akashuka. Nilimwona kwenye kioo amesimama ndani ya kile kiduka mbele ya friji ya soda, hachukui kitu, muda mrefu kweli. Akarudi na chai mbili za vikombe vya karatasi, akanipa moja. "Ana adabu?"

"Anayo."

"Watu wake wa wapi?"

"Babu yake Jinja. Walikuja sabini na mbili."

"Jinja," akasema, taratibu, kama mtu anayetajiwa jina la mtaa wake. Alafu, "Naat gani?"

Nikamwambia. Akanywa chai. Akasema basi mama yako tusimwambie leo, subiri kwanza. Na hapo ndo kitu pekee nilichofanya vizuri katika stori hii yote: nikasema hapana baba, leo leo, mi nimeshachoka kusubiri kwanza.

Mama hakusema nami miezi minane. Msinielewe vibaya, chakula alikuwa ananiwekea, sahani imefunikwa sahani, rotli, chapati zetu nyembamba, zimekunjwa kwenye kitambaa zibaki laini, ila maneno hapana, ananitumia watu, "muulizeni kama atakula." Mara moja tu alilipuka, usiku, na alichosema sio mila wala dini wala damu. Alisema baba yako alipofanyiwa upasuaji wa moyo, wiki sita, nani alileta chakula kila jioni? Nani? Akawataja mmoja mmoja kwa vidole. Sasa wewe unataka nikawaambie watoto wao hawatufai. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina la kutosha. Mjomba yeye alikuwa na neno moja tu, "fundi viatu," alilisema mbele yangu sebuleni, mtu aliyefika Uingereza akavaa koti la kupewa kama sisi.

Na niwe mkweli hapa maana mnaosoma wengi ni wa nyumbani: huyu wangu alikuwa Mhindi, Mgujarati, Mhindu, hali nyama, anacheza garba, na bado ilikuwa miezi minane. Ningemleta kaka wa Kariakoo niliyecheza naye kombolela sijui ingekuwa miaka mingapi, au kama ingewezekana kabisa. Baba yangu anayelia akisikia taarabu. Sina namna ya kulipamba hilo. Najua na nyie mna zenu za "wa kabila gani," lakini yetu ina rangi ndani yake na tunajua.

Oktoba, wiki ya Navratri, niko jikoni naosha vyombo na mama anasukuma rotli, mgongo kwangu. Bila kugeuka akasema:

"Amezaliwa saa ngapi?"

Mtoto yeyote wa Kihindu akisikia swali hilo anajua. Saa ya kuzaliwa ni ya kupeleka kwa maharaj, kuhani wetu, alinganishe nyota, alama 36, ukipata 18 umepita. Hakuna mama anayeuliza saa ya kuzaliwa ya mtu asiyetaka kumjua. Nilitoka na mikono ina povu nikampigia simu, hajui, cheti cha kuzaliwa cha England hakiandiki saa mpaka uwe pacha, ikabidi amuulize mama yake, kwa hiyo na kwao siri ikapasuka siku hiyo hiyo. Mama yake alikumbuka: saa tatu usiku, maana nesi alikuwa anamwambia sukuma na kwenye tivii ya wodini muziki wa taarifa ya habari ndo unaanza. Wakapata 22. Mama akanipa taarifa kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme, "Ishirini na mbili," alafu akiwa anaondoka, "dada yako alipata kumi na tisa."

Siku familia zinakutana mambo yalikuwa yamekakamaa mpaka bibi yake yule kijana, mama wa Jinja, alipomwambia mkwe wake "lete sufuria" na baba akashtuka, akamjibu kwa Kiswahili, wakaanza. Sufuria, fagio, kisu, dudu, wale waliondoka na maneno ya jikoni tu, na baba akawa anawasahihisha ngeli kwa furaha ya ajabu, ule utani wa Kiswahili kufia Uganda mnaujua, aliutoa mara mbili. Mama alikula mogo vipande viwili. Hakucheka ila alikula.

Tulifunga ndoa Julai 2018. Kuishi na wakwe hatukuishi, hilo tuliligombania kidogo tukapatana dakika saba kwa mguu.

Kwenye harusi yetu ya Kigujarati mjomba ana kazi mbili ambazo hakuna anayemzidi: ndiye anayemleta bibi harusi mpaka mandap, kibanda cha kufungia ndoa, na ndiye anayeleta panetar, sari nyeupe yenye mistari myekundu anayofunga nayo ndoa. Mjomba wangu alisema hatakuja. Mama alimpigia kila Jumapili mwezi mzima, nasikia mlango umefungwa, hakuja. Akanileta binamu yake mama kutoka Wembley, mzee wa watu ananichechemea pembeni. Lakini wiki moja kabla, mama aliingia chumbani na mfuko, akaweka panetar kitandani akasema, "Mjomba'ko ametuma. Kuja haji, lakini haki yako ametuma." Hariri nzito, pindo la nyuzi za dhahabu. Nililia, nikasema nitampigia kumshukuru, akasema usimpigie, ataona haya, mwache.

Usiku ule nilikuwa naukunja ule mfuko niutupe, chini kabisa kulikuwa na risiti. Duka la Belgrave, jina la mama, pesa taslimu, awamu nne, ya kwanza ilikuwa Oktoba 2016.

Ninayo mpaka leo kwenye pochi, nyuma ya leseni. Kila Diwali mama ananikumbusha nimwombee mjomba heri maana alinipa panetar nzuri, na mi namwambia ndio mama, nitamwombea.